Manyoya ya Sajini

Mama yangu ana lugha mbili. Kisomali ni cha furaha, cha dua na cha kubembeleza wagonjwa. Kiswahili ni cha sokoni. Hicho ndicho amekuwa akibishania bei za mbuzi hapa Kitengela tangu kabla sijazaliwa, na nyumbani hukitoa akikasirika au akishuku jambo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi, aliponinyooshea kidole juu ya sahani ya anjera na kusema kwa Kiswahili, "Wewe, simama hapo hapo," nilijua mambo si mazuri.

Nilisimama. Alizunguka meza, akanitoa kitu begani kwa kucha mbili, akaenda nacho dirishani.

"Hii ni nini?"

"Nywele, Hooyo."

"Naona ni nywele, macho niko nayo. Nauliza ni ya nani."

"Ya mbuzi. Jana si nilipita sokoni kumpelekea Aabo chakula?" Aabo ni baba yangu.

Aliupindapinda ule unywele mweupe kati ya vidole vyake. Mama amekagua mbuzi kwa miaka thelathini. Mfumbe macho, mpe manyoya ashike, atakwambia mnyama ametoka Mashuuru au Namanga, na kama ana minyoo atakwambia pia. Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilikuwa nimesimama pale nikimwambia habari ya mbuzi.

"Mbuzi," alisema.

"Ndiyo."

"Haya."

Haya hiyo ilinikosesha hamu ya chakula. Kisha akatoa kiberiti katika mfuko wa dera lake, akakifungua nusu, akautia unywele ndani, akakifunga na kukirudisha mfukoni. Kiberiti chenye njiti hulia kikitikisika, lakini hiki hakikulia hata kidogo. Nilijiuliza kina nini ndani, na tangu lini.

"Jumapili wazee wa akina Ahmednasir wanatoka Garissa kuja hapa," alisema huku akikaa. "Baba yako amewapa ruhusa waje wasikizwe posa yao. Kama kuna kitu mimi natakiwa kujua, nijue kabla ya Jumapili."

"Hakuna kitu, Hooyo."

Msomaji wangu, kitu kilikuwepo. Kilikuwa kirefu, chembamba, chenye sauti ya chini ambayo hata ng'ombe mkali huisikia akatulia. Kiliitwa Katoo, na kilikuwa na mbwa.

*

Katoo nilimpata kwa njia ya halali kabisa, dukani kwangu. Mwaka ule wa 2003 mimi na rafiki yangu Phylis tulikuwa tumepangisha chumba kimoja karibu na barabara ya Namanga, yeye akishona na mimi nikiuza vitambaa vya pazia na vya makochi. Siku moja akaingia kijana wa Kimaasai mwenye buti zenye tope la josho la ng'ombe, akavua kofia, akasema anatafuta kitambaa cha kufunika siti ya pikapu, kisichoshika manyoya.

"Manyoya ya nini?" nilimuuliza.

"Ya Sajini."

"Na Sajini ni nani?"

Akaonyesha nje. Mbwa mweupe, mwenye sikio moja lililochanwa na fisi, alikuwa amekaa siti ya mbele ya pikapu, ameangalia barabara kwa makini utadhani ndiye dereva.

Nilimwambia asiguse velveti, kwa sababu velveti ikishika unywele haiuachi. Nilimkatia kitambaa kigumu chenye uso laini. Akaondoka. Kesho yake akarudi kununua mita nyingine. Wiki iliyofuata akarudi tena, na hapo Phylis akasimamisha cherehani na kuniuliza ile pikapu ina siti ngapi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Na hivyo ndivyo mimi, niliyejidai kujua kila tabia ya kitambaa, nilivyoanza vita na manyoya ya mbwa. Buibui langu jeusi liliyavuta kama lililipwa. Nililikung'uta kwenye upepo wa Kitengela, na upepo wa kwetu si mchezo, lakini yale mafupi yalibaki. Nikajaribu brashi ya viatu. Nikajaribu soksi kuukuu ya nailoni. Mwisho nikawa nazungusha selotepu kiganjani, upande wa gundi nje, najipigapiga mwili mzima nyuma ya duka kabla ya kwenda nyumbani.

"Umemaliza selotepu nzima," Phylis aliniambia siku moja, "na hatujafungia mtu hata bahasha."

Si kwamba namchukia mbwa. Ni dini. Madrasa tulifundishwa kwamba mbwa ni najisi, lakini kikavu kwa kikavu hakina neno: toa manyoya kwenye nguo, mambo yamekwisha. Kukiingia majimaji, hapo najisi imehamia kwenye nguo, na haitoki mpaka paoshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo kila nilipokutana na Katoo swali langu la kwanza halikuwa umeshindaje.

"Supa, Habibo," alisema mchana ule wa Alhamisi, akishuka kwenye ukuta wa josho la Kisaju. Phylis nilimwambia nampelekea mteja pazia. Yeye akaniuliza huyo mteja wa Kisaju ako na madirisha mangapi, maana mwezi huo ilikuwa mara ya sita.

"Supa oleng," nilimjibu Katoo. "Sajini ni mkavu?"

"Ni mkavu. Tangu asubuhi hajaona maji."

Sajini alitikisa mkia. Nilisimama mbali naye hatua mbili, na mbali na mwenye Sajini hatua moja, na hatua hiyo moja ilinichosha kuliko safari yote. Katoo alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Alikuwa amekunja mikono ya shati, na nilijilazimisha kuangalia kibao cha josho.

"Mama amepata unywele begani mwangu."

"Ukamwambia ni ya nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi? Kwa mama yako?" Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Pole. Basi wacha niende kwa baba yako, mzee Dirie, leo. Niongee naye kabla hao watu wa Garissa wafike."

"Uende useme nini? Mimi ni Katoo, niko na mbwa?"

"Niseme nasoma kwa sheikh."

"Umeniambia hivyo tangu mwezi wa pili."

"Kwa sababu naenda tangu mwezi wa pili. Kila Jumanne."

"Nani amekuona?"

Nilijua nimemuumiza, na bado sikuweza kulirudisha swali. Nilikuwa nimelala nalo siku nyingi. Kwetu binti haolewi na asiye Mwislamu, hilo hata mjadala hauna, na mwanamume akipenda husema lolote. Je, kama hajawahi hata kuvua viatu pale msikitini? Je, kama Jumanne huwa Mashuuru, kwa msichana mwingine ambaye hamuulizi kama mbwa ni mkavu?

"Huniamini," alisema.

"Mimi nauza vitambaa, Katoo. Kila anayeniletea mzigo huapa rangi haitoki. Mimi huamini nikishafua."

"Sawa." Aliangalia chini, akapangusa buti kwa buti. "Sheikh aliniambia kitu. Alisema nisiingie dini juu ya msichana. Eti niingie juu ya Mungu, na msichana kama ni wangu, nitamkuta huko."

Moyo wangu uliamini saa ile ile. Kichwa ndicho kilichobaki nyuma kikiuliza maswali.

"Na mama yako anasema nini?"

"Yeyo anauliza msichana anaogopa mbwa atakaa aje kwa boma."

"Mimi siogopi mbwa!"

"Najua," alisema polepole. "Wewe unaogopa mama yako."

Nilitaka kumjibu vibaya, na nina mdomo wa kujibu, lakini badala yake niliinua uso. Tuliangaliana. Kwa mara ya kwanza sikuangalia kibao cha josho. Macho ya Katoo yalikuwa yamechoka, na niliona kwamba naye ana Jumapili yake anayoiogopa.

Kisha akaenda kwenye sanduku lake la dawa, akarudi na glavu mpya za mpira.

"Hiyo selotepu yako wacha. Angalia." Akavaa moja, akailowesha kwa maji ya chupa, akaipitisha kwenye mkono wa koti lake, ambalo lilikuwa jeupe kwa Sajini. "Unavuta upande mmoja tu. Usirudishe nyuma." Manyoya yalijikunja, yakawa kamba, kamba ikawa donge. Mkono wa koti ukabaki safi.

"Hii ni uchawi," nilisema.

"Ni mpira tu." Akanipa ya pili, ameishika kwa ncha za vidole ili mkono wake usiguse wangu. Hakuna aliyemfundisha adabu hiyo. Niliipokea kwa ncha nyingine, na tulibaki tumeishika hivyo, yeye huku na mimi kule, kwa muda mrefu kuliko glavu inavyohitaji.

Alinirudisha Kitengela na pikapu. Sajini alihamishiwa nyuma, akanung'unika njia nzima, nami nikakaa siti yake ya mbele nikihesabu siku zilizobaki. Ijumaa. Jumamosi.

*

Nyumba yetu iko Noonkopir. Nilipofika mlango ulikuwa umerudishiwa na mama hayupo. Nikashukuru Mungu, nikavua buibui, nikalitupa kwenye kochi, nikaenda kunywa maji. Niliporudi kulichukua nikaona nilipolitupa.

Mswala wa ayeeyo.

Ayeeyo ni bibi yangu, mama yake mama. Alienda Makka mara moja maishani, akarudi na mswala wa velveti ya kijani, ameupakata mapajani safari nzima kwa sababu hakuwaamini watu wa mizigo. Alipofariki mama hakudai kitu kingine. Huuswalia, huutandaza mgongoni mwa kochi, na sisi wengine hatuugusi bila sababu. Sasa ulikuwa umejaa manyoya meupe ya Sajini kuanzia kwenye picha ya Kaaba hadi kwenye vishada vya mwisho.

Nikachukua brashi. Brashi iliyazamisha zaidi. Nikakimbilia selotepu, ikatoa matatu, ikaisha. Niliangalia saa: alasiri ilikuwa karibu. Mama angerudi wakati wowote, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na kiberiti kisicholia. Hapo nikakumbuka glavu.

Nilileta beseni. Nikalowesha, nikavuta upande mmoja, sikurudisha nyuma. Wallahi ilifanya kazi. Velveti iliachia, manyoya yakajikunja mbele ya vidole vyangu, mstari kwa mstari, na kijani cha ayeeyo kikatokea kizuri kama siku kilipotoka dukani. Nilikuwa karibu kuimba. Nilimwona Katoo akicheka nikimsimulia. Nilikusanya donge lote, nikalirusha dirishani, upepo ukalichukua upande wa Athi, nikarudi kuushika mswala niurudishe mahali pake.

Ulikuwa na unyevunyevu.

Ndipo mwadhini akaanza kuadhini. Maji. Nilikuwa nimetia maji. Yale manyoya yangebaki makavu ningeyaokota moja moja hata kwa meno na mswala ungebaki safi. Mimi niliyemuuliza Katoo swali lile lile kila siku nilikuwa nimeichukua najisi ya mbwa na kuisugua kwa mkono wangu mwenyewe ndani ya mswala wa marehemu. Siku zile nilimwogopa mama kuliko nilivyomwogopa Mungu, na anayeogopa namna hiyo husahau hata aliyofundishwa akiwa na miaka saba.

Mlango wa nyuma uligongwa kwa nguvu. Mama alikohoa, akaangusha sufuria, akaingia na kelele ambazo si kawaida yake.

"Habibo! Uko?"

"Niko, Hooyo."

"Nitandikie mswala. Natawadha."

"Nikutandikie ule wa bluu?"

Maji ya birika yalinyamaza kidogo huko nyuma. "Wa bluu wa nini? Huo ni wa wageni. Nitandikie wa mama yangu."

"Huu una vumbi, Hooyo. Wacha niupeleke nje kwanza niukung'ute."

"Vumbi? Asubuhi nimeuswalia, haukuwa na vumbi. Imetoka wapi?"

"Ni upepo tu."

"Upepo," alisema mama, kwa sauti ile ile aliyosemea mbuzi.

Nilitandika. Mikono yangu ilitandika, mimi mwenyewe nilikuwa nawaza mbio. Chupa ya chai ilikuwa mezani. Ningemwaga chai, ningelia samahani, mama angechukua wa bluu, na kesho akiwa sokoni ningeosha huu kisirisiri mara zote saba. Nilinyoosha mkono nikashika chupa. Lakini mama alikuwa ameshaingia, uso unachuruzika, nyayo zimelowa, na kabla sijafungua kifuniko akapanda juu ya mswala.

Basi. Chai haikuwa na kazi tena. Nyayo zake mbichi zilikuwa juu ya unyevunyevu wangu. Hata angehamia wa bluu angehamia na najisi, na nyayo za mama sina namna ya kuziosha mara saba bila yeye kujua.

Alijipanga. Akaangalia Kibla. Alikuwa amenipa ubavu, na niliona mstari wa shavu lake na ule ushungi wa kijivu aliovaa tangu msiba wa ayeeyo.

Nikinyamaza, hakuna binadamu angejua. Katoo angebaki wangu mpaka Jumapili, na Jumapili ningetafuta uwongo mwingine. Lakini nilimjua mama. Akimaliza kila swala hunyanyua mikono akaanza na mimi. Kabla ya Aabo, kabla ya mifugo, kabla hata ya afya yake, huanza na Habibo. Angesimama kwenye uchafu niliousugua mimi, amwombee aliyeusugua.

Alinyanyua mikono hadi masikioni.

"Hooyo, usiswali!"

Mikono ilibaki hewani. Hakugeuka.

"Kwa nini?"

"Huo mswala uko na najisi. Na miguu yako sasa pia."

"Najisi ya nini?"

"Mbwa."

"Asubuhi ilikuwa mbuzi."

"Nilikudanganya."

"Na sasa hivi ilikuwa upepo."

"Nilikudanganya pia." Machozi yalikuwa yameanza, na nikilia huwa siwezi kusema kidogo. "Nimeyatoa kwa maji, Hooyo. Nilisahau. Niliogopa ukiona, nikatia maji. Ni mbwa wa mtu anaitwa Katoo, anatibu mifugo Kisaju, kwao ni Mashuuru. Nampenda. Hajanigusa hata mkono, naapa. Anasema anasoma kwa sheikh na mimi sijui kama ni kweli. Niozeshe Garissa kama unataka, lakini usiswali hapo."

Mama alishusha mikono.

"Leta maji," alisema kwa Kiswahili kikavu. "Na udongo."

*

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amekunja dera magotini. Kwetu maji huja na mkokoteni wa punda, na mitungi tuliyobakiwa nayo ilikuwa miwili, lakini hakusema nisibanie wala nisimwage. Nilichimba udongo mweusi pembeni mwa ukuta, nikaukoroga katika kikombe, nikaanza nao. Udongo wa Kitengela unanata. Ulimjaa katikati ya vidole, ukaingia kwenye mipasuko ya visigino alivyopasulia sokoni akitafuta ada yangu ya shule. Nilizisugua nyayo zile huku nikilia juu yake, na mama akaniambia nisichanganye maji.

Nilimwaga ya pili, ya tatu na ya nne.

Ndipo akatoa kiberiti, akakifungua chote. Ndani mlikuwa na manyoya meupe, kama kumi hivi, yamelala pamoja.

"Nimeanza kuokota mwezi uliopita," alisema. "Moja kwa mto wako. Moja kwa shash yako ya kichwa. Nikajiambia hii si mbuzi, si kondoo, si ng'ombe. Nikajua ni mbwa. Sikujua ni mbwa wa nani."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nimekuuliza. Leo asubuhi nimekuuliza, ukaniambia mbuzi. Mimi, Habibo! Uniambie mimi mbuzi!" Hilo ndilo lililomuuma zaidi, nadhani, na uso wake ulinyooka kidogo alipolisema. "Mwaga."

Nilimwaga.

"Jumanne napita msikitini kumwona mke wa sheikh. Nje ya geti kuna mbwa mweupe amelala. Sikio moja imekatika. Watoto wanamtupia mawe ndogo ndogo, hatoki. Nikasimama. Nikatoa kiberiti yangu, nikaangalia hii, nikaangalia yeye."

Niliweka birika chini.

"Nikauliza mke wa sheikh, huyu mbwa ni wa nani? Akasema ni wa kijana mmoja Mmaasai, anakuja kila Jumanne tangu mwezi wa pili. Anavua viatu, anaingia. Mbwa anabaki hapo mpaka atoke."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo uliolowa. Kila Jumanne. Nani amekuona, nilimuuliza, na alikuwa ameonekana na mama yangu. Nililikumbuka lile swali na jinsi alivyopangusa buti kwa buti, na niliona aibu.

"Usikae. Bado mbili," alisema mama.

Nilisimama nikamwaga. Halafu jambo jingine likanijia.

"Hooyo, kwa hiyo hata leo ulijua?"

"Leo nilirudi mapema. Nikakuona kupitia pazia, na beseni, na hiyo glavu yako. Nikaona unatia maji kwa mswala ya mama yangu." Alivuta dera lake juu zaidi. "Nikarudi nje. Nikagonga mlango kama mgeni."

"Ulijua ni najisi? Na ukakanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Kwa nini?"

Aliniangalia, na ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi aliniangalia usoni bila kunipima.

"Nilitaka kujua umefika wapi. Kumpenda mtu ni kitu moja. Kunidanganya juu ya mbuzi, haya, ni utoto. Lakini kama ungeniacha niswali hapo, ukiwa umenyamaza, basi huyo mtu amechukua mtoto wangu yote na hakuna imebaki. Miguu inaoshwa, Habibo. Wewe ningekuosha na nini?"

Nilichukua birika nikamwaga ya mwisho taratibu, kutoka kwenye magoti hadi kwenye kucha, na maji yaliyoshuka yalikuwa meupe.

Aliswali kwenye mswala wa bluu, wa wageni. Wa ayeeyo niliuanza peke yangu pale nje, kwa udongo kwanza, na kupitia mlangoni nilimwona akinyanyua mikono baada ya salamu. Midomo yake ilitaja jina langu kwanza, kama siku zote. Siku hiyo ilikawia hapo.

Alipomaliza alikuja akasimama juu yangu.

"Watu wa Garissa watakuja Jumapili, kwa sababu baba yako ameshawapa neno," alisema. "Watakula, watashiba, wataambiwa msichana hayuko tayari. Hiyo nitaongea na baba yako mimi. Huyo kijana aje Jumamosi, mchana, na aje na sheikh. Asije peke yake kama mwizi. Baba yako atamuuliza maswali mpaka jasho imtoke, na mimi nitakuwa nyuma ya pazia nasikiza. Akidanganya hata moja, nitajua."

"Ndiyo, Hooyo."

"Na mbwa. Mbwa wa kuchunga ako na ruhusa, hiyo dini imesema. Lakini si siti ya mbele! Umwambie mbwa akae nyuma ya gari."

"Nitamwambia."

Alinipa kiberiti. "Hii nayo tupa." Akachukua birika kutoka mkononi mwangu, akaanza kunimiminia maji juu ya mswala wa mama yake ili nisugue kwa mikono miwili. Tuliosha hivyo, upepo ukitupiga dera na ushungi, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Hooyo. Kwa hiyo umekubali?"

Alimimina kwanza. Alihakikisha maji yamefika kwenye vishada vya mwisho.

"Sijakubali," alinijibu, na alinijibu kwa Kisomali.